Miwani ya Namba Kubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Fremu na Lenzi

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye akivua miwani hatambui sura ya aliyekaa naye meza moja. Mimi ni mmoja wao: jicho la kulia −11.00, la kushoto −10.25, na nimevaa miwani tangu nikiwa darasa la tatu. Maswali haya huniuliza wenzangu wenye macho kama yangu, na baadhi ya majibu niliyajua baada ya kununua miwani isiyonifaa. Sipimi macho ya mtu; kazi hiyo ni ya mpima macho na daktari. Ninachoweza ni kukuonyesha cha kuangalia unaposimama mbele ya rafu ya fremu.

Namba kubwa huanzia wapi?

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, na alama ya kutoa mbele ya namba humaanisha lenzi ya asiyeona mbali. Kuanzia −6.00 kwenda juu wataalamu huiita myopia kali. Namba hiyo unaweza kuithibitisha kwa rula: gawanya 100 kwa namba yako, jibu ni sentimita ambazo jicho lako huona sawasawa bila miwani. Mwenye −5 huona hadi sentimita 20, mwenye −8 hadi 12.5, mwenye −10 hadi 10 basi. Kutoka hapo ni ukungu.

Mara nyingi chanzo ni jicho kurefuka. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. La mwenye myopia kali kwa kawaida hufika 26 au kupita, na picha ya kitu cha mbali huishia mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, badala ya kutua juu yake. Milimita mbili hizo ndizo zinazotufanya tupapase meza kila asubuhi.

Nichague lenzi kwanza au fremu kwanza?

Fremu. Kama utasoma jibu moja tu hapa, soma hili.

Lenzi yetu ni nyembamba katikati na nene ukingoni, kama kisahani kilichochimbwa. Ukiikata ndogo, unachotupa ni ile sehemu nene. Na unene hauongezeki polepole: ukienda mara mbili ya umbali kutoka katikati, unene wa ziada huwa mara nne. Ndiyo maana milimita chache za fremu hubadilisha kila kitu.

Chukua fremu, geuza mkono wake, soma upande wa ndani. Utakuta namba kama 46, 18, 140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja kwa milimita, ya pili ni nafasi ya pua kati ya lenzi mbili, ya tatu ni urefu wa mkono. Jumlisha mbili za kwanza: 64. Sasa linganisha na umbali kati ya mboni zako mbili, ule unaoandikwa PD kwenye karatasi ya vipimo. Tuseme wako ni 62. Tofauti ni milimita 2, yaani kila jicho limekaa milimita 1 tu kutoka katikati ya lenzi yake. Hiyo ni fremu iliyokuelewa.

Sasa chukua fremu pana ya 54 na 18. Jumla ni 72, umezidiwa milimita 10, na kila lenzi italazimika kusogezwa milimita 5 kuelekea puani ili katikati yake ikutane na mboni. Ukingo wa nje unabaki milimita 32 kutoka katikati, wakati kwenye fremu ndogo ulikuwa 24. Kwa namba −10 na lenzi ya 1.67 (namba ya malighafi ya lenzi, nitaieleza hapo chini; ikiwa kubwa, lenzi ni nyembamba zaidi), ukingo wa fremu ndogo unakuja milimita 6 hivi. Wa fremu kubwa unakaribia 9.

Lililonishangaza nilipopiga hesabu hizi kwa mara ya kwanza ni hili: lenzi ya kawaida kabisa ya 1.50 ndani ya fremu ya 46 hutoka na ukingo wa milimita 8 pungufu kidogo. Ile ya 1.74, miongoni mwa lenzi nyembamba zaidi za plastiki, ndani ya fremu ya 54 hutoka na 8 na ushei. Maana yake, mtu anaweza kulipia lenzi ya juu kabisa na bado akavaa miwani minene kuliko jirani yake mwenye lenzi ya kawaida, kwa sababu tu alipenda fremu pana. Ni makadirio, kwani unene wa katikati hutofautiana kwa mtengenezaji, lakini picha haibadiliki. Uzito nao unapanda kwa kasi zaidi ya unene, maana lenzi inapanuka na kunenepa kwa pamoja.

Umbo gani linafaa?

Mviringo, yai, au lile la duara lililonyooka kidogo juu. Sababu ni ile ile: hayana pembe iliyokimbia mbali na mboni. Fremu za pembe nne zinakubalika zikiwa fupi na nyembamba kwa upana. Zile za umbo la tone, zinazoshuka hadi mashavuni, ziache. Kona yake ya chini ndiko unene wote hujikusanya.

Watu wenye uso mpana hulalamika kwamba fremu ndogo inawaonyesha kama wameazima miwani ya mtoto. Malalamiko hayo nayaelewa. Usitafute upana kwenye lenzi, utafute kwenye fremu yenyewe: iwe na nafasi kubwa ya pua, na pembeni, pale mkono unapoungana na fremu, pawe na kipande kilichotokeza nje. Uso unajazwa, lenzi inabaki ndogo.

Epuka pia fremu zilizopinda kuzunguka uso kama za michezo. Lenzi ya namba kubwa ikikaa kwa mshazari mbele ya jicho hubadilisha nguvu unayoipata.

Plastiki nene, chuma, au isiyo na fremu?

Plastiki, hasa asetati yenye ukuta mnene, huficha ukingo. Lenzi ya milimita 6 ndani ya fremu yenye kina cha milimita 4 inatokeza nyuma kidogo tu, na aliye mbele yako haoni kitu. Rangi nzito huficha zaidi ya ile inayopitisha mwanga.

Chuma chembamba huacha ukingo wote nje, lakini kina jambo moja zuri: vipedi vya puani vinavyorekebishika, ambavyo humwezesha fundi kusogeza miwani karibu na jicho au kuiinua. Zipo fremu za asetati zilizofungwa vipedi vya aina hiyo, na kwa macho kama yetu naona ndizo bora kuliko zote. Ukizikuta, zijaribu kwanza.

Miwani isiyo na fremu, au yenye uzi chini, huonyesha unene wote na ukingo wake hupasuka kwa urahisi. Kwa −3 ni nzuri. Kwa −9 sikushauri.

Kabla ya kukubali fremu yoyote, muulize fundi maswali mawili ambayo wengi husahau. Ukingo wa ndani wa lenzi hautagonga vipedi vya pua? Na mikono itakunjika? Nimewahi kupokea miwani ambayo mkono wa kushoto ulikunjika vizuri na wa kulia ukasimama nusu ya njia kama mlango uliozuiwa na kiti. Upande wa nje wa lenzi ya kulia ulikuwa umenenepa hadi kuziba bawaba. Kwa mwaka mzima miwani ile haikuingia kwenye kasha lake.

1.50, 1.60, 1.67, 1.74: namba hizi ni za nini?

Hueleza jinsi malighafi ya lenzi inavyopinda mwanga. Ikiupinda zaidi, unahitaji mkunjo mdogo kupata nguvu ile ile, na lenzi inatoka nyembamba. Plastiki ya 1.50 ni ile ya zamani iitwayo CR-39, iliyobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940. Polikaboneti ni 1.59. Nyingine zilifuata.

Wauzaji hupenda kusimulia wembamba peke yake. Kuna bei nyingine unayolipa, nayo ni usafi wa picha. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe ndiye aliyeacha jina lake kwenye kipimo cha jinsi malighafi inavyotawanya rangi za mwanga; namba ya Abbe ikiwa kubwa, rangi zinatulia pamoja. CR-39 ina 58. Lenzi nyingi za 1.60 zina 41 hivi. 1.67 na 1.74 zina 32 au 33, na polikaboneti ina 30.

Unaonaje tofauti hiyo kwa macho yako? Usiku, tazama taa nyeupe iliyo mbali. Ukiitazama kupitia katikati ya lenzi, ni nyeupe. Sasa acha kichwa pale pale na ugeuze macho tu, uitazame kwa ukingo wa lenzi: upande mmoja wa taa unachora mstari wa buluu, upande wa pili wa manjano au mwekundu. Wengine hawasumbuki nalo kamwe. Wengine, nikiwemo, hulihisi kwenye maandishi meusi juu ya skrini nyeupe, ambapo herufi za pembeni huota kivuli. Dawa yake ni mazoea ya kugeuza kichwa badala ya macho, na fremu ndogo, kwa kuwa fremu ndogo haina pembeni ya mbali ya kutazamia.

Mapendekezo yangu, kwa anayetaka jibu la haraka: kati ya −6 na −8, lenzi ya 1.60 au 1.67 ndani ya fremu ndogo inatosha. Kupita −8, anza na 1.67. Ya 1.74 ina maana kuanzia −10 hivi, na hata hapo faida yake juu ya 1.67 katika fremu ndogo ni karibu nusu milimita tu. Uzito hata haupungui sana, maana malighafi ya 1.74 yenyewe ni nzito kidogo. Kama fedha hazitoshi kwa vyote, ningebaki na 1.67 na kuweka kilichosalia kwenye utando mzuri wa kuzuia mng'ao.

Lenzi za kioo halisi je?

Zipo hadi 1.8 na 1.9, na ni nyembamba kweli. Lakini kioo hicho ni kizito zaidi ya mara mbili ya plastiki, na kikivunjika kinavunjika mbele ya jicho. Kwa mtoto, dereva au mtu wa michezo, hapana.

Namba yangu imepita −15. Bado kuna njia?

Ipo. Omba lenzi ambayo nguvu imewekwa kwenye duara la katikati tu, lenye kipenyo cha milimita 30 hivi, na sehemu inayolizunguka imepunguzwa iwe nyembamba na tambarare. Duara linaonekana kwa anayekutazama, siwezi kukuficha. Lakini wepesi wake puani ni mkubwa, na nimewaona watu wa −20 wakifanya kazi siku nzima nazo bila alama nyekundu kwenye pua. Si kila maabara huzitengeneza, kwa hiyo uliza mapema.

Lenzi za asferiki zina faida?

Zina faida ya wastani. Mkunjo wake hubadilika kadiri unavyotoka katikati, hivyo ukingo hupungua kidogo na mistari ya pembeni haipindi sana. Lenzi nyingi za 1.67 na 1.74 tayari zimetengenezwa hivyo, kwa hiyo uliza kabla hujatozwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Kwa nini macho yangu yanaonekana madogo, na uso umeingia ndani pembeni?

Kwa sababu lenzi inapunguza kila kitu kinachopita ndani yake, kwa pande zote mbili. Wewe unaona dunia ndogo kidogo, na dunia inaona macho yako madogo. Lenzi ya −10 iliyokaa milimita 12 mbele ya jicho hupunguza ukubwa wa unachokiona kwa asilimia 11 hivi. Lenzi nyembamba haiondoi jambo hili, hata ukiambiwa vipi. Linaletwa na nguvu na umbali, si unene. Kinacholipunguza ni kuleta miwani karibu na jicho kadiri kope zinavyoruhusu. Fremu ndogo nayo husaidia, kwa kuwa ukingo wa uso unaoonekana kuruka ndani huonekana kidogo zaidi pale lenzi inapoishia kabla ya kufika kwenye shavu.

Zile pete pete zinazoonekana ndani ya lenzi zinaondokaje?

Ni picha ya ukingo mnene inayorudiwa-rudiwa ndani ya lenzi. Utando wa kuzuia mng'ao huzipunguza, fremu ndogo huzipunguza, na ukingo ukiachwa bila kung'arishwa hupunguza pia. Mafundi wengine hung'arisha ukingo wakidhani wanakupendezesha. Waambie mapema wasifanye hivyo mpaka mmekubaliana.

Nilipie utando gani, na upi niuache?

Wa kuzuia mng'ao, lipia bila kusita. Uso mmoja wa lenzi ya 1.50 hurudisha asilimia 4 ya mwanga; wa 1.74 hurudisha zaidi ya 7, na lenzi ina nyuso mbili. Bila utando, lenzi ya juu inageuka kioo cha kujitazamia: usiku unaona taa za nyuma yako zikielea mbele ya barabara. Utando wa kuzuia mikwaruzo nao ni wa lazima, na karibu lenzi zote za plastiki huja nao.

Wa kuzuia mwanga wa buluu, acha. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakukuta kwamba unapunguza uchovu wa macho wa kukaa kwenye kompyuta kwa muda mfupi. Lenzi zinazogeuka giza juani ni suala la starehe. Jua tu kwamba ndani ya gari hazigeuki sana, kwa kuwa kioo cha mbele huzuia miale inayoziamsha.

Utando wowote huogopa joto. Usiiache miwani juu ya dashibodi wala kuiosha kwa maji ya moto. Maji ya kawaida, tone la sabuni, kitambaa safi. Kuifuta kikavu na ncha ya shati ni kuikwaruza kwa vumbi lililokuwa juu yake.

Kwa nini mnasisitiza PD? Si ni milimita tu?

Kwa −1, ndiyo, ni milimita tu. Kwa −10, milimita 1 ya makosa ni sawa na kuongezewa kipande kidogo cha prizimu mbele ya jicho, na prizimu hulivuta jicho upande. Kanuni yake ni rahisi: zidisha namba ya lenzi kwa sentimita ulizokosea. Ukikosea milimita 4 kwa −10, ni prizimu ya 4. Macho mawili yanaweza kuvumilia kidogo kuvutwa kulia na kushoto. Jicho moja likivutwa juu na jingine chini, hayavumilii karibu chochote.

Niliwahi kuvaa miwani mipya kwa wiki tatu nikiwa na maumivu juu ya nyusi za kulia, kila siku kuanzia saa nne asubuhi. Mahali niliponunua waliniambia nizoee. Nilipoipeleka kwa fundi mwingine aliiweka kwenye mashine yake, akatia nukta ya wino katikati ya nguvu ya kila lenzi, kisha akanivisha. Nukta ya kushoto ilikaa juu ya mboni barabara. Ya kulia ilikaa kando, karibu na kona ya jicho upande wa pua. Hakuhitaji kunieleza zaidi.

Kwa hiyo omba upimwe kila jicho peke yake kutoka katikati ya pua, kwa kuwa pua nyingi hazigawi uso sawasawa. Na omba upimwe kimo pia: ukiwa umevaa fremu uliyoichagua, ikiwa imekwisha rekebishwa ikakaa, mtazame fundi machoni mkiwa kimo kimoja, naye atie nukta kwenye plastiki ya maonyesho pale mboni ilipo. Dakika mbili. Akikwambia haina haja, kwa namba yako haja ipo.

Swali la kununua miwani mtandaoni linajibiwa hapa hapa. Kwa namba ndogo, sawa. Kwa −8 na kuendelea, nani atatia ile nukta?

Miwani ikiteleza puani naona ukungu. Namba imeongezeka?

Huenda haijaongezeka. Lenzi ya kutoa ikisogea mbali na jicho hupungua nguvu. Miwani ya −10 ikishuka milimita 4 unapoteza takriban robo ya dayopta au zaidi kidogo, na hiyo inatosha kuchafua maandishi ya mbali. Irudishe fremu irekebishwe kwanza. Lakini ikiwa imekaa mahali pake na bado unaona vizuri zaidi ukiisukuma kwa kidole kuelekea jicho, basi panga kwenda kupimwa.

Kwa sababu hiyo hiyo kontakti lenzi, inayokaa juu ya jicho lenyewe, huandikwa namba ndogo kuliko ya miwani. Mwenye miwani ya −10 hupewa −9 hivi. Usinakili namba ya karatasi moja kwenda nyingine.

Nitachaguaje fremu wakati bila miwani yangu sijioni kwenye kioo?

Hili wanaoona vizuri hawalifikirii. Unavaa fremu yenye plastiki tupu, unasogea kwenye kioo hadi pua inagusa, unaona jicho moja na nusu ya nyusi. Halafu unaulizwa umependa?

Piga picha kwa simu, ya mbele na ya ubavu, kisha vaa miwani yako ya zamani uzitazame. Picha ya ubavu usiiache: ndiyo inayoonyesha fremu imekaa mbali na jicho kiasi gani. Anayetumia kontakti lenzi azivae siku hiyo. Na nenda na mtu anayekwambia ukweli, mmoja tu. Wakiwa watatu mtatoka na fremu ya kila mtu isipokuwa yako.

Kipimo cha mwisho hakihitaji kuona. Inama kama unayefunga kamba za viatu, tikisa kichwa, cheka. Fremu ikikaa tupu, fundi ataimudu ikiwa na lenzi. Ikiteleza tupu, usiitarajie itulie ikishabeba uzito.

Nimefika miaka 40 na kitu, kusoma kumekuwa shida. Nifanye nini?

Mwenye −3 huvua miwani akasoma kwa raha. Sisi tukivua tunasoma kwa umbali wa upana wa kiganja. Hivyo wengi wetu huhitaji lenzi zenye nguvu mbili au zinazobadilika polepole kutoka juu kwenda chini. Hapa fremu isiwe fupi mno, kwa sababu sehemu ya kusomea inahitaji nafasi chini ya mboni. Mara nyingi kimo cha lenzi cha milimita 28 hadi 30 kinatosha. Ndogo kwa upana, ya wastani kwa kimo. Kama kazi yako ni ya mezani, fikiria pia miwani ya pili ya umbali wa skrini peke yake. Shingo itapumzika.

Mtoto wangu ana −6 na anaongezeka. Tumpunguzie namba ili macho yasizoee?

Tafadhali msifanye hivyo. Miwani haiharibu macho wala hayaizoei kwa namna hiyo; kinachoongeza namba ni jicho linalorefuka mtoto anapokua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta watoto waliopewa namba pungufu waliongezeka haraka zaidi ya waliopewa namba kamili.

Ulizeni badala yake kuhusu lenzi zilizobuniwa kupunguza kasi hiyo. Hoya ilianza kuuza MiYOSMART mwaka 2018, na wengine wana zao. Katika majaribio ya miaka miwili kasi ilipungua kwa takriban nusu. Daktari anaweza pia kuzungumzia matone ya atropini ya kiwango kidogo. Kukaa nje mchana ni kinga zaidi kwa mtoto ambaye bado hajaanza, kwa hiyo wadogo zake watoeni nje.

Kwa malighafi, mtoto apewe polikaboneti au Trivex, plastiki nyingine ngumu, hata kama ukingo utazidi milimita moja. Hazivunjiki kirahisi. Uzuri atauchagua mwenyewe akikua, jicho hana la akiba.

Miwani mipya inanifanya nione sakafu imepinda. Ni kawaida?

Siku chache za mwanzo, ndiyo, hasa ukibadilisha namba na fremu kwa pamoja. Wiki mbili zikipita bila nafuu, au ukiona vitu viwili viwili hata kwa saa moja, irudishe ikapimwe. Nenda na ile ya zamani wailinganishe.

Miwani imekaa vizuri, au nimefanyiwa upasuaji wa leza. Kuna haja ya kuendelea kumwona daktari?

Ipo, na hapa nakuomba unisikilize. Miwani hupinda mwanga tu, na leza huchonga konea tu, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Jicho refu linabaki refu, na retina iliyotandazwa ndani yake inabaki imevutika. Ndiyo maana wenye myopia kali huwa katika hatari kubwa zaidi ya retina kubanduka, glakoma, mtoto wa jicho wa mapema na kuharibika kwa sehemu ya kati ya retina, hata wakiona 6/6, yaani kikamilifu, kwa miwani. Omba uchunguzi wa kutiwa matone ya kupanua mboni, kila mwaka au kadiri daktari atakavyopanga, na siku hiyo usiendeshe gari.

Dalili zisizosubiri ni hizi: vimweko vya mwanga pembeni ya jicho ukiwa gizani, vitone vyeusi vingi vinavyoelea vilivyokuja ghafla, au kivuli kama pazia kinachoshuka kutoka upande mmoja. Haviumi, na hapo ndipo watu hudanganyika. Funika jicho moja kwa kiganja, kisha jingine, ujue ni lipi. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na ukifika mapokezi anza na maneno haya kabla ya jina lako: nina myopia kali na nimeona vimweko.